Weta hajui samaki anayemuuza

Mhariri, asalaam aleikum na poleni na kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua na ikiwa ndefu mtaniwia radhi, hili jambo lina wiki ya tatu sasa limenikaa kooni kama mwiba wa changu, nikinywa maji haliendi nikila tonge haliendi, bora nilitoe.

Mi ni mkazi wa Tanga mjini, nimezaliwa Ngamiani nikaolewa Chumbageni, mji huu sihadithiwi. Mdogo wangu wa kike kamaliza chuo, kapata kazi Dodoma, na mshahara wake wa kwanza (sawa, wa pili, wa kwanza uliishia kwenye kodi ya chumba na godoro) akanipigia simu akasema dada nakuja, nataka mama siku moja akae mahali aagize chakula na asiinuke kwenda kuchochea moto. Nikaona kasema la maana. Mama yetu ana miaka 68 na katika hiyo yote sidhani kama kuna siku kala chakula cha jioni bila kujua kimetoka kwenye sufuria gani.

Tukachagua hoteli moja ya pembeni ya bahari, jina silitaji, mwenyewe akisoma atajijua. Ni katika hizi za sa hivi. Unajua tangu zianze habari za bomba la mafuta la kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani hapa kwetu, kilomita 1,443, na bandari nayo ilivyochimbwa kina meli zikawa zinafunga gatini badala ya kupakuliwa kule nje kwa matishari, watu wanakuja na hoteli zinaota kama uyoga. Mi binafsi nafurahi, watoto wetu wapate kazi. Ndo maana hata naandika, ingekuwa sijali ningenyamaza nikala zangu mihogo ya Raskazone.

Tulikuwa watano. Mama, mi, mdogo wangu, mwanangu wa miaka 9, na mjomba. Huyu mjomba mshikeni vizuri kichwani maana ndo mwenye barua hii. Alikuwa weta. Alianza ujanani, wakati mkonge bado una pesa, mabwana wa mashamba wanashuka mjini Jumamosi kutoka Muheza na Korogwe na vumbi lao wanataka wakute meza imeshatandikwa. Kafanya kazi hiyo mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na mpaka leo akibeba sinia la chai pale nyumbani vikombe sita huvisikii vikigongana. Siku hiyo kavaa kofia yake ya viua na shati limepigwa pasi mpaka linakata.

Tumefika mlangoni kijana mmoja mtanashati kamsalimia mama kwa Kiingereza. Mama, ambaye masikio yake yalitegemea shikamoo, akaitikia "marahaba mwanangu" na akaendelea na safari yake. Mdogo wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Lakini yakhe, ukikaa ukalifikiria sio la kucheka, hapa ni Tanga, bibi wa watu kavaa mtandio na mkono una hina, unaona kabisa kwamba huyu ni bibi yako, ulimi unaendaje kwingine?

Meza tulibuku kwa simu siku mbili kabla, nikasisitiza iwe upande wa bahari. Tukapelekwa pembeni ya mlango wa jikoni, mlango ule wa kusukuma unaokwenda mbele na nyuma, kila ukifunguka mama anapigwa na joto la mafuta mgongoni. Kuuliza, tunaambiwa zile za baharini zimebukiwa. Sawa. Tukakaa. Baada ya kama nusu saa wakaja wageni wawili, wazungu, nawasikia kwa masikio yangu wanasema hawajabuku, wanaulizia kama kuna nafasi, hao wakapelekwa mbele kwenye upepo. Mi sina ugomvi na wageni, Tanga imepokea watu wa kila aina na kila rangi, lakini ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo naona pale wameuelewa vibaya, wanataka mwenyeji aondoke hata kabla hajala.

Menyu nayo. Yote Kiingereza, na bei kwa dola. "Samaki wa siku" dola 16, pweza dola 14, chipsi za mtoto dola 6. Sasa ninavyojua serikali mwaka 2025 ilishatoa kanuni kwamba bei za vitu na huduma humu nchini zitangazwe kwa shilingi, ikapigiwa kelele kila redio, sijui hiyo habari ilipofika getini kwao ilizuiwa na mlinzi au vipi. Mdogo wangu katoa simu kaanza kupiga hesabu, mi namsomea mama, mwanangu anauliza dola ni nini, meza nzima imekuwa darasa.

Alafu ndo likaja hili ambalo limenifanya nishike kalamu. Mama kamuuliza kijana anayetuhudumia, mwanangu, samaki gani leo? Akajibu, samaki wa kupaka. Mama akamwambia najua kapakwa, nauliza aliyepakwa ni nani?

Kijana akachekacheka. Akaangalia kwenye kikaratasi chake, akaangalia jikoni, akasema, "Samaki ni samaki tu bibi, wote watamu."

Mhariri, mama yangu toka msichana kanunua samaki Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga. Asubuhi akifika pale anafungua shavu kuangalia wekundu, anabonyeza mgongo kwa kidole aone unarudi au unabaki shimo, anaangalia jicho limejaa au limezama, alafu ndo anauliza bei, na bei akitajiwa anaondoka hatua tano arudi. Kwake yeye kumwambia samaki ni samaki tu ni sawa na kumwambia watoto wake wote jina lao moja. Nguru ni wa kukaanga na mchuzi wa ukwaju, tasi unamkausha vizuri unamla na ugali, changu na kolekole ndo wa kupaka kwa sababu nyama yake inavumilia makaa. Huwezi kuagiza bila kujua nani yuko jikoni. Na hii sio elimu ya chuo kikuu, mwanamke yeyote anayekaanga samaki jioni pale barabarani Ngamiani ukimuuliza anakutajia samaki, kavuliwa usiku au alfajiri, na akiwa wa jana anakwambia wa jana huyu nakupunguzia.

Tukaagiza hivyo hivyo kwa kubahatisha. Tukakaa saa moja na dakika 20. Nikamwambia mdogo wangu labda wameenda kutuvulia silikanti. (Kwa wasio wa huku, silikanti ni yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani alishatoweka toka enzi za madinosaria mpaka akapatikana mzima Afrika Kusini mwaka 1938, na sisi hapa Tanga tuna hifadhi ya bahari iliyopewa jina lake toka mwaka 2009. Hafai kuliwa, lakini kwa muda tuliokaa ningemkubali.) Mwanangu kalala kwenye kiti. Katika muda wote huo hamna aliyepita kusema samahani, chakula kinachelewa, au angalau kuleta bajia mbili mtoto atafune. Wanapita tu, wanaangalia juu ya vichwa vyetu kama wanatafuta mtu nyuma.

Chakula kimekuja. Nisiwe mbaya, juisi ya ukwaju ilikuwa nzuri kwelikweli na vyoo ni visafi, wali pia umeiva vizuri. Lakini yule samaki! Samaki wa kupaka, jamani, anapasuliwa anatiwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, anawekwa kwenye makaa, pembeni kuna tui zito, lile kasimile, limepikwa na bizari mpaka limeshikana, unampaka akiwa motoni, unamgeuza unampaka tena, mpaka ile nazi inaanza kuungua kidogo kwenye kingo na nyumba ya tatu wanajua leo kwa fulani kuna nini. Huyu wa dola 16 kakaangwa kwenye mafuta, alafu kamwagiwa rojo la njano limetiwa unga wa mahindi liwe zito, na tui lenyewe la boksi. Tui la boksi Tanga! Mnazi uko pale nje kwenye bustani yao, wameufungia taa za rangi shinani, nazi zinamdondokea mtu kichwani, jikoni wanakata boksi.

Mama hakusema kitu. Mama akinyamaza ujue. Akaomba maji ya kunawa tu, maana yeye hali samaki kwa uma, mwiba anautafuta kwa kidole. Kijana akamletea kile kitambaa cha karatasi chenye unyevu kwenye pakiti. Mama akakigeuzageuza akakiweka chini, akaomba tena maji. Akaambiwa bafu liko kule, ukipita kaunta upande wa kushoto. Bi mkubwa wa miaka 68 mwenye magoti mabovu, anyanyuke apite katikati ya watu akanawe.

Hapo ndo mjomba kasimama.

Hakupandisha sauti, hata hakumwangalia mtu. Alichukua jagi la maji lililokuwa mezani, akachukua bakuli la kachumbari lililokwisha akalifuta kwa tishu, akakunja leso yake nne akaitandika kwenye mkono wa kushoto, akaenda akasimama kuliani kwa dada yake, akainama kidogo. "Karibu bi mkubwa." Akaanza kummiminia, taratibu, maji yanatoka kama uzi, halitoki tone likagusa kitambaa cha meza. Mama kanawa kakunjua vidole kama anaolewa. Akamaliza kwa mama akaja kwa mi, akaja kwa mdogo wangu, akamalizia kwa mtoto, na mtoto alikuwa ameamka anamtazama babu yake kamezwa na mshangao. Ukumbi wote umenyamaza, hata wale wazungu wa kwenye upepo wamegeuka.

Na yule kijana, hapa namsifu mbele za watu, hakukasirika. Alisimama kama dakika hivi anaangalia ule mkono wa mjomba, alafu akasogea akasema, "Shikamoo mzee. Naomba nikusaidie." Mjomba akampa jagi. Akamwambia shika hapa, sio hapo, mdomo wa jagi usiguse kidole cha mtu, anza na mkubwa wa umri malizia na mdogo, na ukimaliza usiondoke, subiri aombe kitambaa. Mara moja tu kamwelekeza, kijana kaweza.

Akamuuliza, wewe umekula leo? Kasema kanywa chai na andazi asubuhi. Samaki mnaowauza umeshawahi kuwaonja? Hajawahi. Kazi anayo mwezi wa saba, wao wanapikiwa ugali na maharage nyuma kule, samaki akirudi na sahani ya mteja hairuhusiwi kumgusa, unaandikishwa. Akivunja glasi anakatwa. Kufundishwa? Alifundishwa siku moja, namna ya kuvaa tai na namna ya kusalimia kwa Kiingereza. (Nimebadilisha mambo mawili matatu hapo ili asijulikane, msije mkamfukuzisha mtoto wa watu.) Kumbe sasa ndo nikaelewa kwa nini samaki ni samaki tu. Atamtajaje mtu ambaye hajawahi kutambulishwa kwake?

Kwa hiyo mwenye hoteli, kama unasoma, mi wala sina ugomvi na vijana wako. Ninao na wewe. Umetia pesa kwenye viti vya kusuka, umetia kwenye taa, umetia kwenye kile kibwawa cha samaki wa rangi pale mlangoni ambao hao majina yao yameandikwa, nimeyasoma, alafu mtu anayesimama mbele ya mteja hukumtilia hata sahani moja ya kile unachomtuma akiuze. Wape waonje. Jioni kabla hamjafungua, mpishi atoe sahani moja, waizunguke, aseme huyu ni kolekole, kaja leo, kapikwa hivi na hivi. Dakika kumi hazifiki. Vyuo vipo, VETA wanafundisha mambo ya hoteli, Chuo cha Taifa cha Utalii kipo, lakini hata huko sikutumi, mi nakutuma jikoni kwako mwenyewe.

Sasa bili. Hii naipitisha haraka maana nikikaa hapo presha itapanda. Imekuja imeandikwa kwa mkono, kwa shilingi, kwa reti ya dola wanayoijua wenyewe, chakula na vinywaji 190,000. Chini yake sevisi chaji asilimia 10, 19,000. Chini yake tena VAT asilimia 18, nayo imepigwa juu ya vyote viwili, 37,620. Jumla 246,620. Kwenye menyu hayo ya chini hayakuandikwa popote, na mtu wa kawaida akisoma bei anajua ndo bei. Nikalipa kwa lipa namba, nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu hiyo VAT mmenidai nyie sio mi niliyeomba. Nikaambiwa mashine mbovu. Nikasema basi na VAT nayo leo ni mbovu, nirudishieni 37,620 yangu mashine ikipona nitakuja kulipa. Akaitwa meneja. Meneja akaingia ofisini, hazikufika dakika tano mashine ikapona, sijui ilisomewa dua gani, ikatoa risiti.

Na ile 19,000 ya huduma nilimuuliza kijana kama na wao wanagawana. Akatabasamu tu, akasema, dada, hiyo inaandikwaga. Mjomba akamshika mkono wa kwaheri na ndani ya mkono kulikuwa na elfu tano imekunjwa ndogo kabisa, ndo bakshishi yao ya zamani hiyo, mtu wa pembeni hajui kimepita kitu. Akamwambia siku yako ya mapumziko ukitaka, mi nipo barazani kwangu Ngamiani kila siku baada ya alasiri.

Nikajua ni maneno tu ya kuagana. Mhariri, Jumanne hii kijana kaja. Kaja na baiskeli, kampakia na mwenzake wa kazini nyuma. Mjomba kawatolea sinia la mama na vikombe, kawapitisha barazani kwenda na kurudi kama gwaride, watoto wa mtaa wamejaa wanashangilia kila kikombe kikitikisika, wazee wa bao wameacha bao lao. Mama kule uani alikuwa kakuna nazi mbili kaweka makaa. Walipochoka kawaita wakanawa, kijana ndo kamimina, kwa mpangilio, mkubwa kwanza. Kawatengea samaki kwenye sahani moja, kawaacha wamechota tonge la kwanza, la pili, alafu kamuuliza, haya mwanangu, huyu uliyemla ni nani?

Kijana katafuna pole pole, kafumba macho kidogo.

"Kolekole, bibi."

Alikuwa changu. Mama kacheka mpaka kavua mtandio, alafu kamwongezea kipande cha mkiani.

Ni mimi msomaji wenu,
Binti wa Ngamiani,
Chumbageni, Tanga.